Mpangaji wa Mama Numbi

"Na hii kabati, maman? Ni ya nani?"

Karani aliuliza, kalamu mkononi. Alphonsine alikuwa akikunja mashati ya Donat kitandani, mikono kwanza, kisha kola. Miaka mingi alikunja mashuka ya hospitali huko Woluwe, ugenini, mashuka meupe yasiyo na mwenyewe, leo ya huyu, kesho ya yule, na kila jioni alipofika nyumbani Evere furaha yake ilikuwa kushika shati lenye mwenyewe. Sasa mwenyewe alikuwa na wiki tatu kaburini.

Waliishi pamoja miaka ishirini bila kwenda kutia sahihi ya ndoa manispaa. Donat alisema mwaka ujao, kisha mwaka ujao tena. Dereva wa tramu yule, aliyesimama vituo vyote maishani mwake, hicho kimoja alikipita. Na kufa kufaana: mpwa wake, ambaye hata kikombe cha kahawa hakuwahi kunywa humu, ndiye mrithi, na alikuwa chini barabarani akingoja garini.

Mukendi, karani wa notari wa mirathi aliyetumwa kuandika vitu vya marehemu, aliweka kalamu chini. Alikuwa mtoto wa Lubumbashi kama yeye, na kazi ya leo ilimtia aibu.

"Maman, nakuambia kama mama yangu. Ule mupwa anasema hivi: kama unakubali ulikuwa tu locataire, unalipia chumba, basi, anakuachia vyombo yote, na trois mois, miezi tatu, ya kukaa humu. Lakini ukisema ulikuwa muke yake, bon, anaogopa utadai nyumba. Atakufukuza. Na papier ya ndoa hauna."

"Locataire. Mupangaji," Alphonsine alisema polepole.

"Ni neno tu, maman."

Neno tu. Mama yake, Numbi, alilisema kule Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, vita vikubwa vilipokwisha. Numbi aliishi na mwashi Mwitaliano, Tino, katika nyumba waliyoijenga wawili, yeye akikanda udongo wa matofali. Wakati wa vita Waitaliano walikuwa maadui wa serikali ya kikoloni. Tino alifungwa kambini, na alipotoka tu wakaja maofisa kuchunguza mali za maadui. Nyumba hii ya nani? Ikiwa ya Tino, inachukuliwa.

"Yangu," Numbi alijibu. "Ule muzungu ni mupangaji tu."

Tino alikuwa amesimama pale pale, na Kiswahili alikijua. Alimtazama. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa pesa, akaziweka kiganjani mwa Numbi kama kodi ya mwezi. Maofisa wakaridhika, wakaenda zao.

Tino akaanza kufunga sanduku lake. Numbi alimng'ang'ania, akamlilia kwamba ilikuwa hila ya kuokoa nyumba.

"Najua," Tino alisema. "Lakini haukusita hata kidogo."

Hakurudi. Alphonsine alizaliwa katika nyumba ile miaka baadaye, kwa baba mwingine, akakua akimwona mama yake akiketi barazani kwake mwenyewe kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

"Maman? Niandike locataire?"

"Andika muke yake."

"Maman, fikiri kwanza. Utalala wapi?"

"Kwa Graciella, kule Forest." Binti yake Graciella, aliyempata kabla ya Donat, alikuwa na vyumba viwili na watoto wanne, na Alphonsine alijua vyema atalala wapi: sebuleni, chini. "Andika, mwanangu. Kabati ni ya bwana yangu. Meza, ya bwana yangu. Kitanda..."

Alilia waziwazi, shati likiwa mapajani, na Mukendi akaandika huku akivuta kamasi.

Funguo alizitoa mwenyewe kabla hajaombwa. Alishuka na mfuko mmoja, akampita mpwa ngazini. Wakapishana bila salamu. Mukendi alitaka kumbebea mfuko, akakataa.

Alikuwa tayari kituoni alipokumbuka dawa zake za presha. Zilibaki jikoni, juu ya friji. Bila dawa hizo kichwa humzunguka mpaka ashike ukuta. Basi la kwenda kwa Graciella lilikuja, akaliacha liende, akarudi mvua ikianza kunyesha. Mlango wa chini ulikuwa umejifunga. Akabonyeza kengele.

"Ni nani?" sauti ya mpwa iliuliza kwa Kifaransa.

Alphonsine aliinama karibu na vitundu vya sauti vya kengele, maneno mawili mdomoni, muke na locataire. Maji ya mvua yalikuwa yakimwingia shingoni.

"Nauliza, ni nani?"