Yai la Jumapili

Thirza alikuwa amechoka. Amechoka kukamua ng'ombe, kupasua kuni, kufua nepi kwa maji ya barafu, na zaidi ya yote amechoka kusifiwa uvumilivu na wanawake ambao waume zao wako nyumbani. Wa kwake, Zebulon, alikuwa na mwezi wa tano huko Uingereza akihubiri Injili. Alimwachia kuku saba, baridi ya Yuta, kule Marekani, na mke mwenza wa miaka kumi na tisa mwenye mimba, Almeda, maana kanisa lao liliruhusu wake wengi.

Sasa Almeda kajifungua, siku ya sita, na maziwa hayatoki. Mkunga alisema mzazi apate walau yai, mwili uamke. Lakini kuku na baridi wapi na wapi! Wiki nzima waligoma, mpaka asubuhi hiyo mmoja wao, mwenye kichwa kigumu, akaamua kutaga. Siku yenyewe Jumapili.

Na yai la Jumapili si lao. Kina mama wa kijiji waliweka ahadi: linalotagwa siku ya Bwana ni la kanisa, linunue vioo vya madirisha. Aliyelitoa wazo hilo, kwa kiherehere chake, ni Thirza mwenyewe. Na Almeda alivyoshika dini, angekufa njaa kuliko kula cha Mungu. Wala hawakupendana, uke wenza ni uke wenza, hata ukiombewa.

Thirza alilishika yai, bado lina joto. Akamsikiliza mtoto. Halii tena, anakoroma tu kwa unyonge. Akateleka sufuria.

Almeda alilitazama bakuli bila kunyoosha mkono.

"Leo siku gani, dada?"

"Jumatatu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu abatizwe, na alichoka hata kuuonea haya.

Almeda akaanza kula. Alikuwa amefika nusu ya yai wimbo ulipopanda ng'ambo ya barabara, kijiji kizima kikiimba kwenye nyumba ya ibada. Kijiko kikasimama. Thirza akaangalia sakafu.

Kijiko kikaendelea.

"Wanaimba vizuri, hawa watu wa Jumatatu," alisema Almeda, macho kwenye bakuli. Akakwangua mpaka mwisho, akamweka mtoto kifuani, akajisogeza ukutani kumpa nafasi. "Kaa kidogo, dada. Kazi za Jumatatu haziishi."

Thirza akakaa. Hakuwahi kukaa kitandani pale. Akanyoosha miguu.