Chupa Yenye Jina la Shigela

Shigela alikohoa mwezi mzima. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Nyakato, na vumbi lilimkaa kifuani hadi akawa anakohoa akila, anakohoa akiongea, anakohoa hata kanisani mpaka watu wanageuka. Walimpima kifua kikuu, hakuwa nacho. Mwishowe daktari akamwandikia dawa ya maji, ile isiyouzwa bila cheti, na mfamasia, mama wa makamo asiye na haraka, akaandika jina lake kwenye chupa.

"Hii ina kodeini, inalevya," alimwambia. "Pima kwa hiki kikombe kidogo, usitumie kijiko cha nyumbani. Usinywe na pombe. Na ni yako peke yako. Nyumbani kuna mtoto?"

"Yupo, mama. Ana wiki mbili."

"Asipewe hata tone."

Akaongeza jambo kuhusu mama anayenyonyesha, lakini hapo kikohozi kilimkaba Shigela, akainama akiwa ameshika ukingo wa dirisha la dawa. Alipoinuka, foleni nyuma yake ilikuwa inanung'unika. Aliona aibu kumwomba arudie. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Nyumbani kwao Buhongwa, mkewe Dorcas alikuwa bado anatembea ameinama. Mtoto wao Kija alizaliwa kwa upasuaji, baada ya miaka sita ya kungoja na mimba mbili zilizoharibika. Wiki ile Dorcas naye akaanza kukohoa. Kila akikohoa alibana mshono kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Shigela alivumilia kumtazama siku mbili. Siku ya tatu akashusha chupa kutoka juu ya kabati.

"Haitamdhuru mtoto?" Dorcas aliuliza.

"Wameniambia nisimpe mtoto. Wewe ni mtoto?"

Dorcas alicheka kidogo, akashika tumbo, akanywa. Jioni ile hakukohoa. Shigela akajiona mume aliyejua kutunza. Akampa asubuhi, mchana na jioni, siku iliyofuata na iliyofuata tena.

Kija naye akatulia. Mama yake Shigela, Bi Mhoja, aliyekuja kutoka Sengerema kumwangalia mzazi, alifurahi. "Mtoto mwenye heshima huyu," alisema akimfunika. Lakini Dorcas hakufurahi. Matiti yalimjaa mpaka yakauma, na kila alipomweka mtoto kifuani alinyonya mara mbili tatu, akaacha, akalala tena.

"Baba Kija, huyu mtoto hanyonyi."

"Amechoka. Mwache apumzike."

Jumamosi saa nane mchana Dorcas alipiga yowe. Shigela alikuta mtoto amelegea mikononi mwake, midomo imekuwa ya kijivu. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakaa muda mrefu bila kupanda tena. Walipanda bajaji, Shigela akimwita mtoto jina njia nzima.

Hospitalini muuguzi alimpokea Kija, Dorcas akakaa sakafuni kwenye korido. Shigela peke yake aliingia ndani. Daktari, kijana mwenye miwani, alifunua jicho la mtoto, akamulika kwa tochi, kisha akainua uso haraka.

"Mboni zimesinyaa mno. Amekunywa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Mama yake je? Anatumia dawa yoyote? Fikiri vizuri."

Shigela alifikiri. Aliiona chupa, aliliona jina lake mwenyewe, akamsikia yule mfamasia akitaja mama anayenyonyesha. Akaona pia wauguzi waliosimama mle ndani wote wakimtazama.

"Hapana," alisema. "Hatumii kitu."

Walimpulizia hewa kwa mpira. Ilipofika saa kumi na dakika chache waliacha.

Walimzika Kija Jumapili. Wanaume walirudi wakakaa nje kwenye turubai, wanawake ndani juu ya mikeka. Shigela alikuwa anapita mlangoni na ndoo ya maji alipomsikia mama yake akisema, bila hata kushusha sauti:

"Mimi niliwaambia. Amelala na titi mdomoni mwa mtoto, akamziba pumzi. Miaka sita ya kungoja, halafu hivi."

Dorcas alikuwa ameegemea ukuta. Alionekana kama mtu anayeanza kuamini anachoambiwa, na jambo hilo ndilo lililomshinda Shigela. Akaiweka ndoo chini, akaingia kati ya wanawake.

"Mama, hakumlalia. Ni dawa yangu. Nilimpa mama yake, ikapita kwenye maziwa."

Dorcas aliinua kichwa polepole.

"Ulijua lini?"

"Hospitali. Daktari aliponiuliza."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza mara mbili."

"Ukamjibu nini, Baba Kija?"

Alimwambia. Dorcas hakulia wala kumtukana. Aligeukia ukuta, na Bi Mhoja, aliyekuwa na la kusema kila wakati, akajifunika kanga usoni.

Jumatatu asubuhi Shigela aliipeleka chupa kwa yule daktari, akamsimulia yote. Daktari alisoma maandishi yake yote, akavua miwani.

"Kuna sindano ya kuondoa nguvu ya hii dawa," alisema. "Siwezi kukuambia kwamba angepona. Ila ningejua napambana na nini." "Mkeo asinywe tena. Na umwambie hakukosea. Aliona mtoto hanyonyi, akasema. Wa kumsikiliza ndiye aliyekosekana."

Aliporudi Buhongwa alimkuta Alexander, kaka yake Dorcas, amefika kutoka Bunda kumchukua. Mfuko wa nguo ulikuwa mlangoni. Dorcas alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kimekunjwa ndani ya gauni, kwa maana maziwa yalikuwa bado yanatoka.

"Niambie alichosema," alisema. "Usinifiche hata neno."

Shigela akakaa chini sakafuni, akamwambia yote, la sindano na la mwisho lile. Dorcas alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba kaka yake amsaidie kusimama.