Mwani Kwenye Tangi la Marehemu

Mwani ule ulikuwa na kiburi, usiombe. Mshonaji aliusugua kwa mswaki Jumatatu, akaung'oa kwa vidole Jumatano, na Ijumaa ulikuwa umesharudi, kijani kibichi, nyuzi zake zimetambaa juu ya mawe kama nywele za mtu aliyegoma kuchana. Maji ya chumvi yalimchubua mikono hadi kushika sindano ikawa adhabu.

Tangi lilikuwa la marehemu mumewe. Lilikaa sebuleni, kati ya cherehani yake na mlango wa chumba cha wifi yake, dada wa marehemu, mwalimu wa chekechea aliyekuja msibani na begi moja akasahau kuondoka. Ndani ya tangi alibaki samaki mmoja tu, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Marehemu alimwita Bosi. Alikuwa akigonga kioo kwa pete yake, na Bosi anakuja mbio.

"Kaka yangu angeliona hili bwawa la vyura, angelia," wifi alisema akipita na chai yake. Hakumwambia mtu. Aliuambia ukuta.

"Angelia kuona nani kakalia kiti chake," mshonaji naye akauambia ukuta.

Miezi mitatu waliishi hivyo. Mama mkwe, aliyechoshwa na simu za mashtaka kutoka pande zote mbili, akatoa kauli: Jumapili ya mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe, na atakayemkuta analitunza tangi ndiye atakayebaki nalo. Nguo za mumewe zilishagawanywa, picha zilishabebwa. Kwa mshonaji, kumwachia wifi hata Bosi ilikuwa sawa na kumzika mume mara ya pili. Thubutu!

Akamwita fundi wa matangi. Jamaa akainama, akanusa maji.

"Taa mnawasha saa ngapi kwa siku?"

"Sita tu."

"Maji mnabadilisha?"

"Kila wiki, kwa mikono yangu hii."

Fundi akaingiza mpira, akafyonza chini kwenye mchanga. Ukatoka uji wa kahawia unaonuka. "Huyu samaki mmoja anaandaliwa chakula cha watu watano," akasema. "Nani anamlisha?"

"Mimi!" wakajibu wote wawili kwa mpigo.

Kumbe! Mshonaji alilisha asubuhi, maana wifi hakuwa wa kuaminiwa. Wifi alilisha jioni akitoka shuleni, kwa kuwa aliapa mjane anamuua Bosi kwa njaa. Kopo moja lilifichwa nyuma ya vitambaa, jingine kwenye mkoba wa shule.

"Basi shamba la mwani mnalitia mbolea wenyewe," fundi akasema. "Chakula kinachobaki kinaoza, mwani unakula uozo. Alishe mmoja. Chembe chache, mara moja kwa siku." Akakunja mpira wake, akaenda zake. Hakuuliza ni yupi, na wao hawakuulizana.

Mshonaji akatoa kopo lake akalibwaga juu ya kabati. "Alishe mwenye damu yake."

Wifi akaweka lake pembeni, taratibu, kama anavyowawekea watoto wake wa chekechea kalamu. "Alishe mwenye nyumba yake."

Kila mmoja akaamini amemwachia mwenzake mzigo.

Wiki ya kwanza mwani ukapauka. Wiki ya pili ukang'oka wenyewe, mswaki ukapita mara moja tu. Mshonaji akaimba akisugua kioo. Na asije mtu akakwambia hakuona. Aliona. Aliona tumbo la Bosi limeingia ndani na mgongo umekuwa mwembamba kama ukingo wa mkasi. Akajisemea, aha, mwalimu halishi! Vizuri. Mama aje aone kwa macho yake binti aliyemzaa. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye kopo, mara mbili akaurudisha. "Vumilia, Bosi," alinong'ona. "Jumapili si mbali." Na moyoni alifurahi, tena sana.

Jumapili mama mkwe akaja, akavua viatu, akasimama mbele ya tangi. Mawe meupe, maji maangavu.

"Jamani! Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

Mama mkwe akatabasamu. Pete ya mwanawe alikuwa ameivaa kwenye kidole gumba. Akagonga kioo, akangoja. Akagonga tena. Ndipo mshonaji akamwona Bosi nyuma ya jiwe, amelala ubavu, maji ya pampu yanamsukuma huku na huku.

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Yeye," wakasema, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Mama mkwe akaenda kabatini. Akashusha yale makopo mawili, akayatikisa moja moja. Yalijaa. Akapitisha kidole kwenye vifuniko na kuwaonyesha vumbi.

Mshonaji alitaka kusema wifi ndiye muuaji. Akamgeukia, akakuta macho ya wifi yamejaa machozi yaleyale aliyokuwa nayo yeye, na kwa mara ya kwanza tangu msibani walikuwa wanatazamana.

"Tangi limetakata," mama mkwe akasema, akivaa viatu. "Gawaneni."