Tangazo la Malachy Durkan

Mume wangu Malachy alitaka kufa kabla Februari haijaisha, na mimi nilitaka kumzuia. Chanzo cha ugomvi wetu kilikuwa redio.

Redio yenyewe tuliianzisha sisi, darini mwa banda la kuku la mama mkwe wangu, enzi ambazo kurusha matangazo bila kibali kulikuwa kosa na kibali hakikutolewa kwa mtu kama Malachy. Alikuwa fundi wa televisheni. Mtambo aliuunda kwa mikono yake, akaufungia ndani ya kopo la biskuti, akapandisha waya juu ya mti. Watu wa Drumkeel, mji wetu mdogo wa Ireland, walitusikia vizuri sana, sisi pamoja na kuku. Mtetea akitaga, wilaya nzima ilijua. Polisi walipokuja kutufungia redio, sajenti alimngoja Malachy amalize wimbo uliokuwa hewani, maana ni yeye sajenti aliyeuomba, salamu kwa mkewe. Wimbo ulipokwisha akabeba kopo la biskuti akaondoka nalo. Wiki iliyofuata tulirudi hewani na kopo jingine.

Baadaye serikali ikalegeza kamba, leseni zikatolewa, tukahamia juu ya bucha la P.J. Kilbane. Kilbane ndiye mteja wetu wa kwanza wa matangazo ya biashara, na alitulipa kwa soseji. Redio Drumkeel ikawa kitu cha halali: bei za ng'ombe mnadani, mpira Jumapili, salamu, na vifo.

Vifo vilianza na mama mmoja wa upande wa mlimani, Honor Gaughan. Alikufa wakati wa theluji, akazikwa na watu wasiojaza hata benchi moja kanisani. Si kwamba hakupendwa, ila hakuna aliyejua. Malachy alilia aliposikia, akasema haitatokea tena maadamu redio ipo. Tangu hapo, asubuhi na jioni baada ya habari, tulisoma jina la marehemu, kijiji chake, nyumba itakuwa wazi saa ngapi, na makaburi gani. Kwetu maiti hailali peke yake. Inalazwa sebuleni, majirani wanapita kuishika mkono, wanakunywa chai na kuisifu kupita kiasi, na sandwichi zinamiminika kutoka kila jiko. Lakini lazima kwanza wajue.

Kusoma nilisoma mimi, kwa sababu Malachy alikuwa analia hewani. Mwanzoni tulivurunda. Siku moja nilimaliza kuwasoma marehemu wa siku hiyo, mara likafyatuka tangazo la duka la magodoro, sauti imejaa furaha: "Lala usingizi ambao hujawahi kulala!" Simu zilipigwa mchana kutwa, na matusi mengine sikuwahi kuyasikia kabla. Malachy akatunga sheria. Baada ya vifo ni filimbi, wimbo mmoja wa polepole, mpaka mwisho wake, ndipo biashara ifuate. Kilbane na soseji zake naye alisubiri, huku amenuna.

Miaka ikaenda. Malachy akastaafu, redio ikauzwa, ikauzwa tena, mwisho tukawa mali ya kampuni ya Dublin. Mimi nikabaki na vifo vyangu. Januari ya mwaka jana meneja wetu, Gearóid, kijana mwenye adabu na mabega ya mtu anayetarajia kufokewa, aliniita ofisini.

"Attracta, mama yangu, usinikasirikie."

"Bado hujasema nikukasirikie kwa lipi."

"Dublin wanasema mwisho wa Februari vifo vitoke hewani. Vitawekwa kwenye mtandao. Wateja wa matangazo hawapendi kukaa karibu na maiti."

"Kwani wao hawatakufa?"

"Hilo sikuwauliza."

Nilifika nyumbani nimefura. Wakati huo Malachy alikuwa amehamishiwa sebuleni, maana ngazi zilishamshinda. Moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alituambia hivyo bila kuzunguka. Nilimweleza nikitegemea atukane mpaka madirisha yatikisike. Akauliza tu:

"Siku ya mwisho inaangukia lini?"

"Ijumaa."

"Haya. Basi nijikaze."

Nilidhani ni mzaha. Nyumba yetu inaendeshwa kwa mzaha tangu tuoane. Lakini akaanza kuiacha supu ipoe, akisema hana njaa. Halafu siku moja, nabadilisha shuka, nikakuta soksi yake moja ina uzito. Ndani yake kulikuwa na vidonge vyake vya moyo vya siku nyingi, vyote vizima.

"Malachy Durkan! Hii nini?"

"Soksi."

"Na ndani ya soksi?"

Akaangalia dari. "Kaa chini, mke wangu. Kaa bwana, usinisimamie kama askari. Nimekusikia ukiwasoma watu wote wa wilaya hii. Hata yule mwizi wa kondoo ulimsoma vizuri mpaka nikamlilia. Na mimi nataka unisome. Sitaki kuwa ndani ya simu ya mtu, katikati ya picha ya paka na bei ya viatu."

"Kwa hiyo unajiua kwa sababu ya tangazo!"

"Sijiui. Nimeacha tu kukizuia kifo."

"Na mimi je? Uliniuliza kama niko tayari?"

Nilimpenda mtu huyu tangu siku za kuku, na zile hasira zangu zote zilikuwa mapenzi matupu. Alimeza kidonge cha siku ile kwa sababu nilimsimamia kama askari kweli. Nilimwambia aniahidi kwamba atakimeza na cha kesho, naye akageuzia uso ukutani.

Nikarudi kwa Gearóid. Nilimsihi, nami si mtu wa kusihi. Yule kijana masikini aliwapigia Dublin mbele yangu, akajieleza mpaka jasho likamtoka, na jibu likawa lile lile. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na Malachy akazidi kukonda.

Ijumaa yenyewe ikafika. Alikuwa hajala kitu tangu juzi yake. Asubuhi ile nilipomfunika blanketi alinitazama kama msafiri anayetazama saa ya kituoni, nikajua anapiga hesabu kama jioni itamkuta. Jirani yangu Bernie alikuja kukaa naye. Nilimbusu kwenye paji la uso, nikaendesha gari mpaka kazini bila kujua nikirudi nitamkuta hai au maiti.

Habari zikaisha. Nikawasoma marehemu wa siku hiyo taratibu, kila mmoja kwa heshima yake. Halafu nikavua miwani, kwa sababu kilichobaki hakikuwa kimeandikwa popote.

"Malachy Durkan, wa Cloonagh, Drumkeel, mwanzilishi wa redio hii, mume mpendwa wa Attracta. Hajafa. Amelazwa sebuleni kwake. Nyumba itakuwa wazi kesho, saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Maua msilete, yanampigisha chafya. Mwenye neno jema juu yake aje amwambie angali ana masikio ya kusikia."

Nyuma ya kioo Gearóid alikuwa amejifunika uso kwa mkono mmoja. Mkono wake wa pili ulikuwa juu ya swichi na haukuikata sauti yangu. Kisha akauachia ule wimbo wa filimbi, wote.

Nikampigia Bernie, roho juu.

"Amesikia?"

"Amesikia neno kwa neno," Bernie akasema. "Anasema umekosea, hukutaja makaburi."

"Na hali yake?"

"Amekaa kitako. Anauliza hao wageni watakula nini, na kama sandwichi za yai zitakuwepo."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, Gearóid akaniletea glasi ya maji.

Kitu kimoja sikukifikiria. Watu wa kwetu redio ikitaja jina na kijiji hawasikilizi tena. Kila jiko linalipuka: "Nani? Malachy? Mungu wangu!" Mmoja anakimbilia mkate, mwingine anatafuta tai nyeusi. Lile neno "hajafa" lilipita juu ya vichwa vya nusu ya wilaya. Kwa hiyo kesho yake, saa kumi kamili, msururu wa watu waliovaa nguo za msiba ulianzia mlangoni kwangu hadi barabarani, na wa kwanza alikuwa P.J. Kilbane, kofia mkononi, macho mekundu.

"Pole, Attracta. Pole sana, mama. Alikuwa mtu wa watu."

"Ingia ukamwone," nikasema. Kwa kweli nilikusudia kumwambia, ila Malachy alishaitambua hatua ya Kilbane, na nilipochungulia sebuleni alikuwa amelala chali, kafumba macho, mikono kifuani. Shetani mkubwa.

Kilbane akasimama kando ya kitanda. "Malachy," akasema. "Miaka yote ile nilikununia kwa sababu ya filimbi yako. Halafu mama yangu akafa. Ukamaliza kumsoma, filimbi ikaanza, nikashukuru kwamba mtu hauzi soseji pale. Nilitaka kukwambia. Nilikuwa napanda zile ngazi za redio kila siku na sikukwambia." Akamshika mkono, na mkono nao ukamshika.

"Yesu na Maria!" Kilbane aliruka hadi kwenye kabati.

"Endelea, P.J.," Malachy akasema bila kufumbua macho. "Ulikuwa unaelekea pazuri."

Basi wakaingia wote, waliosikia vizuri na waliosikia nusu, waliolia wakageuka kutukana, waliotukana wakageuka kulia. Walimwambia yale ambayo kwa kawaida tunaiambia maiti. Sajenti, mzee sasa, alikuja na kopo la biskuti, lile lile, akaliweka miguuni pa kitanda. Malachy alikula sandwichi ya yai mpaka ganda la mkate. Saa mbili ilipopita na nyumba ikatulia, akanyoosha kiganja bila mimi kusema neno.

"Lete kidonge, bibie. Sina haraka tena."

Aliishi mpaka maua ya njano yakachanua kando ya barabara na kunyauka, mpaka ng'ombe wakatolewa zizini kwenda malishoni. Alikufa asubuhi moja ya Mei, mkono wake ndani ya wangu. Sikuwa tayari. Nadhani hakuna siku ambayo ningekuwa tayari.

Jioni, habari zilipokwisha, redio ya jikoni ikaingiza wimbo wa kurukaruka kutoka Dublin. Niliizima. Bernie alikuwa anakata mkate, na Kilbane alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, kofia mkononi. Nikaenda kando ya kitanda, nikavua miwani, nikasoma kwa sauti ile ya kazini.

"Malachy Durkan, wa Cloonagh, Drumkeel. Amefariki nyumbani kwake, taratibu, bila haraka. Mume mpendwa wa Attracta. Atazikwa kwenye makaburi ya Drumkeel, karibu na mama yake. Nyumba iko wazi."

Kisha kwa mazoea nikanyamaza, nikingoja muziki. Kilbane akalowesha midomo yake, akaanza kuupiga kwa mluzi ule wimbo wa filimbi, polepole, hadi mwisho wake.