Paka Aliyeitwa Ambwene

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, saa nne asubuhi, Ambwene alishuka kwenye boti pamoja na mkewe Atupele, binti yao Tulinagwe wa miaka kumi na mmoja, mfuko wa mchele na mkungu wa ndizi. Kutoka kwao Mbugani hadi kijiji hiki cha wafinyanzi ni safari ya saa mbili na nusu, hata boti ikichelewa. Ambwene alikuwa hajaifunga safari hiyo kwa miaka sita. Kazi, alisema. Yeye ni wakala wa mizigo pale mpakani Kasumulu, na kazi kweli haziishi.

Mama yake, Bibi Tusajigwe, alikuwa uani akisugua chungu kibichi kwa kokoto. Aliwapokea, akashukuru kwa mchele, kisha akageukia jikoni.

"Yotamu! Lete vigoda, wageni wamefika."

Yotamu ni kaka mkubwa wa Ambwene, na anaishi Dodoma. Aliyetoka jikoni ni paka mweusi, akisukuma kigoda kwa kichwa. Akarudi kufuata cha pili. Nyuma yake akapita paka wa kijivu, Asegelile, ametoka ziwani na kidumu cha maji mgongoni. Alikitua mlangoni bila kumwaga hata tone. Asegelile mwenyewe, yaani kaka wa pili, yuko Tunduma.

"Wanakusaidia, mama," alisema Atupele, akikaa.

"Wanajitahidi. Hata vyungu wanasugua. Ulimi wa paka unakwangua vizuri."

"Na Ambwene yupo?" aliuliza Tulinagwe.

Bibi alionyesha kwa kidevu jabali lililotokeza majini. Juu yake alilala paka wa rangi ya chungwa, amewapa mgongo.

"Yule kazi yake ni paa. Ila ana shughuli nyingi."

Hakuna aliyecheka. Ambwene akaomba maji ya kunywa.

Paa lenyewe lilikuwa la kibanda cha kukaushia vyungu, na lilikuwa na tundu pana kama sinia. Chungu kilichochomwa hakiogopi mvua, lakini kibichi kikinyeshewa hurudi kuwa tope. Bibi alikwisha kupoteza vyungu namna hiyo misimu mitatu mfululizo, na sasa ishirini na vinne vilikuwa kibandani vikingoja kuchomwa Jumamosi. Majani ya migomba aliyozibia upepo wa ziwani uliyachukua kila jioni. Miaka sita iliyopita Ambwene alimwahidi bati moja. Pale Kasumulu hupitisha malori mazima ya bati.

Jambo hilo lilimuuma sana Tulinagwe. Jumanne akabeba usipa watano kwenye jani, akaenda chini ya jabali.

"Ambwene! Ambwene, njoo!"

Paka alimtupia jicho, kisha akaendelea kutazama ziwa. Jumatano ikawa vilevile, na samaki wakaliwa na kunguru. Jioni akamlalamikia mama yake.

"Unamwitaje?" aliuliza Atupele.

"Kwa jina lake."

"Jina la baba yako unalipigia kelele ufukweni, halafu unategemea aitike? Adabu gani hiyo?"

Alhamisi Tulinagwe alirudi jabalini, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Paka alishuka papo hapo. Alikula usipa wote, akajikunja mapajani mwake, akakoroma. Tulinagwe alimkuna nyuma ya masikio, na alijisikia raha ambayo hakuwa nayo tangu wafike. Ndipo akamwambia taratibu, "Baba, paa la bibi linavuja." Paka alilamba mguu wake wa mbele, kama mtu anayeangalia saa.

Ijumaa, saa tisa alasiri, mvua ilishuka kutoka milimani. Ambwene alikimbilia kibandani na sufuria ya kukingia maji. Alipoinua macho, paka alikuwa tayari amepanda juu na kulala kwenye tundu. Tundu lilikuwa pana kumzidi, hivyo akajinyoosha, akaendelea kujinyoosha, hadi kingo zote zikajaa. Kutoka chini lilionekana tumbo la rangi ya chungwa likipanda na kushuka. Mvua ilinyesha kwa saa mbili, na hakuna chungu kilicholowa.

Ambwene alisimama na sufuria kavu mikononi. Aliona aibu.

"Mama, Desemba nitaleta bati."

"Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru Bibi, kwa sauti ileile ya miaka sita iliyopita.

Vyungu vikachomwa Jumamosi, vyote ishirini na vinne. Jumapili, wakati simu ya Ambwene imeshaanza kumwita kazini, Bibi alitoka jikoni na paka mchanga mwenye madoa.

"Huyu amekuja asubuhi. Nadhani tumwite Tulinagwe."

Tulinagwe alimpokea. Paka alikuwa na joto, na moyo wake mdogo ulidunda kwenye kiganja. Alimpenda mno. Akamweka chini.

"Hapana, bibi. Usimpe jina langu. Mimi nitakuja mwenyewe."

Bibi aliingia kibandani, akamega donge la udongo, akalifunga kwa kitambaa kilicholowa na kuliweka kwenye kivuli. Udongo uliofungwa hivyo unaweza kumngoja mtu. Paka mchanga akabaki bila jina wala kazi, akaenda kucheza.

Boti ilipoondoka Ambwene alipunga mkono hadi kijiji kikawa kidogo. Paka aliyekuwa juu ya paa hakupunga. Alikuwa kazini.