Shali la Meza ya Sadaka

Kinyozi alikuwa na mdomo wa kuuza hata moshi, ndiyo maana kanisa lilimpa kazi ya kunadi. Wasio na fedha walileta walichonacho, mayai, boga, kuku aliyefungwa miguu, wakakiweka mezani asubuhi kabla ya watu kujaa. Ibada ikiisha, Kinyozi alivinadi na fedha ikaingia kwenye sadaka. Kanuni zilikuwa mbili tu: mtoaji hatajwi, na mnadi hanunui.

Lakini siku hizi meza ilikuwa imekonda. Namba ya kutumia sadaka kwa simu ilibandikwa ukutani, na wengine walituma wakiwa bado kitandani, wakaona wamemalizana na Mungu. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, ila paa la kanisa lilikuwa likivuja na fundi hakubali kulipwa kwa boga.

"Ndugu yangu, leo ikiwa kama Jumapili iliyopita, hii meza tunaiondoa," alimwambia Kinyozi mlangoni.

"Mchungaji, leo watacheka mpaka watoe."

Kilichomuuma Kinyozi si kazi yake. Alijua meza ikiondoka, kuna watu hawatakuwa tena na cha kutoa mbele ya wenzao, na mtu akikosa cha kutoa huanza kukaa nyuma, kisha hukaa nyumbani.

Basi akapanda mbele, akapiga makofi. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri! Haya, nani anamchukua kuku huyu? Ameokoka, hawiki usiku!" Watu wakaangua kicheko na kuku akauzwa kwa bei ya mbuzi. Boga nalo likapata mwenyewe. Kisha akainua shali dogo la sufu, la kumfunika mtoto mchanga, jeupe, ila pembe moja ilikuwa ya kijani.

"Jamani, huyu fundi aliishiwa uzi au aliishiwa macho?"

Kanisa zima likacheka. Kinyozi naye akacheka, akaigeuza ile pembe waione vizuri, na hapo akaitambua. Uzi ule wa kijani aliununua yeye. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, akilifuma shali hili, uzi mweupe ulikuwa umekwisha dukani, naye akaona rangi ni rangi. Mkewe alimcheka siku nzima, akalimalizia hivyo hivyo. Mtoto aliishi siku chache tu, na tangu mazishi Kinyozi hakuliona tena lile shali wala hakuuliza liko wapi.

Akatazama upande wa akina mama. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa.

Nyuma kabisa, binti anayefua nguo za watu, mwenye kichanga mgongoni, alinyoosha mkono akataja bei yake kwa sauti ndogo. Hakuna aliyempandia bei.

"Mimi naongeza mara tatu," Kinyozi akasema.

"Mnadi hanunui!" mzee mmoja akapaza sauti.

"Leo ananunua." Akatoa simu yake, akatuma fedha pale pale. Binti akaushusha mkono. Mchungaji, aliyeona ujumbe wa fedha ukiingia, akasema meza ibaki kwanza.

Nyumbani, Kinyozi aliliweka shali kitandani mbele ya mkewe. Alitegemea shukrani, au hata machozi.

"Umelirudisha," mkewe akasema.

"Walikuwa wanakucheka, mke wangu. Nilitaka kukusitiri."

"Walicheka shali. Mimi nilikuwa nimeshalitoa." Aliketi. "Unajua nimelitoa sandukuni mara ngapi nikalirudisha? Leo nikaweza. Nikamwona yule binti amenyoosha mkono, nikamshukuru Mungu. Halafu wewe ukampokonya."

Kinyozi akalitazama shali. "Sasa nifanyeje?"

"Mpelekee."

Akalichukua, akafika mlangoni, akasimama. Ndipo alipojua kwamba hakulinunua kwa ajili ya mkewe. Akajifunika nalo usoni, na yeye ambaye siku ya mazishi aliwapa wenzake viti na maji kama vile msiba si wake, akalia kwa sauti.

Mkewe alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akajitanda kitambaa kichwani, akasema, "Twende wote." Shali hakulipokea.

Walimkuta binti akianua nguo, mtoto amelala kwenye kapu. Kinyozi alitafuta neno la mzaha, hakulipata.

"Hili ni lako," akasema, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Binti alilishika. Kinyozi hakuliachia. Ikabidi binti alivute kidogo, kwa upole, na mara ya pili, ndipo vidole vya Kinyozi vikafunguka.