Kasuku wa Vilima vya Plamu

Mumewe alipokuwa hai, kila mwaka plamu zilipoanza kuonekana sokoni, mshonaji alimwambia, "Mwaka huu tupande vilimani, nami nikaone ulikozaliwa." Naye mumewe, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, alijibu neno moja: "Mwakani." Mwakani ikazaa mwakani, hadi msimu mmoja ukafika naye hayupo tena duniani.

Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Mtaani walimwita Bwana Kimya, na hawakumwonea. Angeweza kula, akanawa, akapangusa meza, na kilichomtoka kinywani kikawa "Asante" basi. Mshonaji alishamzoea. Cherehani yake ilikuwa na kelele za kuwatosha wote wawili.

Mwaka ulipotimia tangu mazishi, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu. Wawili hawa walikuwa wameonana mara mbili tu, siku ya harusi na siku ya kuzika, na mara zote mbili walipeana mikono kwa ncha za vidole.

"Plamu zimeiva," wifi alisema, hata salamu hakuna. "Utakuja au huji?"

"Unanialika au unanigombeza?"

"Vyote viwili. Beba sweta."

Mshonaji akamaliza gauni la mteja lililokuwa mezani, akaifunika cherehani kwa shuka, akapanda basi.

Barabara ilizunguka vilima kama uzi kwenye kibiringo. Tambarare ikabaki chini, joto nalo likabaki huko huko. Kisha miti ikaanza: safu za plamu, safu za mapeasi, na juu zaidi matufaha, mashina yote yamepakwa chokaa hadi magotini kama wanafunzi waliovaa soksi. Aliposhuka stendi na basi kwenda zake, alisikia tunda likianguka katika shamba la ng'ambo ya barabara. Akasimama na mzigo wake akisikiliza. Kumbe ndiyo maana, aliwaza. Mtu akilelewa mahali palipotulia hivi, maneno atayatoa wapi?

Wifi alimngoja getini, mikono kiunoni.

"Umekonda."

"Nawe umenenepa."

"Ni hewa ya huku. Karibu ndani, chai inapoa."

Nyumba ilikuwa ndogo, jiko ndilo lenye nafasi kuliko vyumba vyote, na kila kona ilikuwa na kreti. Kulikuwa na kreti zilizogeuzwa viti, kreti zilizogeuzwa kabati, hata paka alilala ndani ya kreti. Walikunywa chai wakizungumzia mvua na bei ya vitambaa, kama watu wanaozunguka kisima bila kuchungulia ndani.

Asubuhi wifi alimchukua hadi banda la kupangia matunda, alikofanya kazi tangu usichana. Wanawake walikuwa wameketi kwenye meza ndefu, wakichambua plamu: ngumu huku, laini kule, zilizopasuka kwenye ndoo. Wifi akapiga makofi.

"Jamani! Huyu ndiye mke wa Kasuku."

Banda likalipuka kwa shangwe. Wengine waliinuka na kumkumbatia kwa viwiko, maana viganja vilijaa utomvu wa matunda. Mmoja alicheka hata kabla ya kusema lolote.

"Mke wa nani?" mshonaji aliuliza.

"Wa Kasuku! Mumeo! Ina maana hukumwita hivyo?"

Wakamsogezea kreti akae, wakaanza kumsimulia, huyu akimnyang'anya yule maneno. Kasuku alikuwa redio ya bonde zima. Alipanda ngazi asubuhi, akafika kileleni, na kabla ya kuchuma tunda moja alitangaza habari: nani kagombana na mkewe, mbuzi wa nani kala shati la nani, nani kaonekana njia ya kisimani na hakuwa na ndoo. Aliiga sauti ya kila mtu. Siku moja aliiga sauti ya nyapara, akiwa amejificha kwenye majani: "Haya, kazi imetosha leo, nendeni nyumbani!" Watu wakashusha vikapu. Nyapara mwenyewe, aliyekuwa anasinzia nyuma ya banda, akaamka, akachukua kofia, akashika njia. Alifika kwake ndipo akajiuliza ametumwa na nani.

Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kicheko kilipokwisha, kitu baridi kikamkaa kifuani. Mtu wanayemsimulia hakumjua. Ameishi naye, amempikia, amemuuguza, amemfumba macho, na hakuwahi kusikia akiiga hata mlio wa paka. Alijiona kama mpangaji aliyeishi nyumbani miaka yote, halafu leo majirani wanamwambia kulikuwa na sebule kubwa ambayo hakufunguliwa mlango.

Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye dirisha la jiko, walikaa kutoa kokwa kwenye plamu za kupika jemu. Visu vilikwenda mbio. Wifi ndiye aliyeanza kusema.

"Nimeona ulivyoshangaa leo. Nami nikashangaa kwa nini unashangaa." Akaitupa kokwa kwenye bakuli kwa nguvu. "Alitoka hapa mtu mwenye kinywa. Nilipokuja mjini kumzika, nikasikia majirani zenu wanamwita Bwana Kimya. Na miaka yote hiyo ukamfungia mjini asije hata kutusalimu."

Kisu cha mshonaji kikasimama.

"Mimi? Mimi ndiye nilimfungia?"

"Nani mwingine?"

"Wifi, mimi kila mwaka nilimwomba anilete. Kila mwaka! Nikajisemea, labda kwao hawanitaki. Labda walitaka aoe binti wa huku anayejua kupanda ngazi, si mshonaji wa uchochoroni. Siku ya harusi yangu ulinitazama kama nguo iliyoshonwa vibaya!"

"Nilikuwa na jino!" wifi akapaza sauti. "Jino lilikuwa linaniuma siku ile!"

Wakatazamana. Pengine wangecheka, pengine wangerushiana plamu, lakini mtu alikohoa mlangoni. Alikuwa fundi ngazi, mzee mrefu mwenye masikio makubwa, aliyewatengenezea wachumaji ngazi za miguu mitatu tangu ujana wake. Yeye na Kasuku walikua pamoja. Alikuwa ameleta ngazi ya wifi aliyoitia kipandio kipya, na kwa jinsi alivyoishika kofia yake, ilikuwa wazi kwamba amesikia yote.

"Msigombane," alisema. "Alikuja."

"Nani alikuja?" wifi akauliza.

"Kasuku. Alikuja mara moja, msimu wa plamu kama huu. Alinikataza nisiseme, nami nikanyamaza. Lakini mwenyewe hayupo, na nyinyi mnauana bure."

Wifi akamsogezea kreti kwa mguu. Fundi akaketi, magoti yakamfika karibu na kidevu.

"Alishuka basi la asubuhi. Nikamkuta amekaa kwenye nyasi nyuma ya uzio, karibu na banda. Nikataka kupiga kelele niwaite watu, akanishika mkono. Akasema, tukae tu. Tukakaa. Wachumaji walikuwa wanaitana mtini, na wewe, dada, ulikuwa ndani unacheka. Akatabasamu. Akasema, 'Dada yangu bado anacheka kama kufuli bovu.'"

Wifi akafunika mdomo kwa mkono wenye maji ya plamu.

"Nikamwambia ingia, watafurahi. Akatikisa kichwa. Akasema kiwandani anakofanya kazi mjini, mashine za kufuma zinaunguruma kutwa. Mwaka wa kwanza alishindana nazo, akawapigia kelele wenzake, hakuna anayesikia. Mwaka wa pili akachoka. Baadaye hata akitoka nje ya geti maneno hayaji. Akaniambia, 'Huku wanamngoja Kasuku. Nikiingia watanizunguka, tupe habari, tupe habari, nami nitasimama pale kama gogo. Bora wabaki na yule waliyenaye.'"

Paka alijigeuza, kreti yake ikalia.

"Kwa hiyo alituonea haya," wifi akasema polepole. "Sisi! Sisi tungempokea hata angekuja hana kichwa."

"Nilimwambia hivyo hivyo." Fundi akamgeukia mshonaji. "Kisha nikamuuliza, na shemeji je, anakuvumilia vipi na ukimya huo? Akasema, 'Huyo hajawahi kuniuliza kwa nini sisemi. Kwake ndiko ninakopumzika.' Nikamwambia basi mlete tumwone. Akasema mwakani. Nikamjazia plamu kwenye kofia, akapanda basi la mchana."

Mshonaji alikuwa ameinamisha kichwa. Kofia ile aliijua, na siku ile pia aliijua, ila alikuwa ameiweka mahali pengine moyoni, pamoja na siku za kawaida.

"Aliniambia amezinunua stesheni," alisema. "Nilikuwa na sare za wanafunzi za kumaliza, sikuweza kuinua mikono kwenye cherehani. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, akawa ananilisha. Moja moja. Ananitilia mdomoni, halafu anakinga kiganja nitemee kokwa. Mpaka kofia ikaisha."

Wifi alimtazama kama aliyesikia habari za mgeni.

"Kaka yangu? Alikulisha?"

"Mdomoni."

"Huyu hata mara moja hakuwahi kunimegea mkate! Nilikuwa naficha wangu chini ya mto!"

Ndipo kicheko kikaja, na wifi kweli alicheka kama kufuli bovu, machozi yakichanganyika na maji ya plamu mashavuni. Mshonaji naye alilia, lakini kile kitu baridi hakikuwepo tena. Fundi ngazi, aliyeona kazi yake imekwisha, aliokota plamu mbili kwenye bakuli akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake, bandani, wanawake walipoanza tena habari za Kasuku, wifi aliwanyamazisha. "Leo zamu yake," alisema, akimwonyesha mshonaji kwa kisu. Mshonaji akaona aibu mwanzoni. Kisha akawaeleza jinsi Bwana Kimya alivyomposa: alileta suruali moja ile ile kupunguzwa pindo, wiki baada ya wiki, hadi suruali ikamfika magotini na fundi mwenzake akamwambia, "Dada, mtu huyu hana tatizo la suruali." Meza nzima ililala kwa kucheka. Bibi mmoja mwenye miwani akasema, "Ndiye, ndiye huyo huyo," akafuta macho.

Alikuwa amekuja kwa siku chache. Plamu zikaisha, mapeasi yakaanza, naye bado yupo, amevaa sweta la wifi lililomfika magotini. Asubuhi walitoka pamoja ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Wifi alipanda, yeye akashika ngazi, na ndoo ikashuka na kupanda kati yao.

"Chai yake alikunywaje?" wifi aliuliza kutoka juu.

"Bila sukari."

"Uongo! Huyo? Alikuwa analamba bakuli la sukari mpaka mama akalitundika darini!"

"Bila sukari kabisa. Hata kijiko hakutaka."

Wifi aliendelea kuchuma juu kule, majani yakitikisika.

"Na ugonjwa ulipomshika," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "aliteseka?"

"Kidogo. Siku za mwisho alilala sana. Alipenda dirisha liwe wazi."

"Vizuri," wifi alisema. Akashusha peasi moja, kubwa, la manjano upande mmoja. "Shika hili, ule sasa hivi. Hilo halifiki sokoni."

Mshonaji akalipangusa kwa mkono wa sweta, akaling'ata. Lilikuwa la baridi bado, lenye maji mengi, na ilimbidi ainame mbele ili yasimchuruzikie kifuani.